Puli Iliyomwagiwa Maji

Watu wengi hudhani chuma ni chuma tu. Mtu anakuja, anatupa kipande miguuni pako, anasema, "Fundi, nichomelee hii haraka haraka nipite," kana kwamba ameleta shati lishonwe kifungo. Halafu kikikatika wiki ijayo anarudi amefura, anauliza ulipiga nini hapo, ulipiga mate?

Njura alikuwa hamjibu mtu wa namna hiyo. Alikuwa anachukua nyundo ndogo, anagonga kipande mara moja, anasikiliza. Chuma cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, kina sauti inayovuta. Kasti, chuma cha kumimina, haina sauti. Ukiigonga inajibu "du", imemaliza. Kama bado ana shaka alikuwa anawasha grainda na kukigusisha kidogo, maana cheche hazidanganyi. Chuma cha kawaida hurusha cheche ndefu za manjano. Springi ya lori, ile inayofuliwa mapanga, cheche zake hupasuka mwishoni zikatawanyika. Kasti hutoa cheche fupi nyekundu, zinakufa kabla hazijafika popote. Ndipo Njura alikuwa anainua kichwa na kusema, "Hii ni ya leo," au, "Hii ni ya kesho." Na ikiwa ya kesho, hata uje na kanisa zima kumbembeleza, ilikuwa ya kesho.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, Mmbeere wa hapo hapo Kiritiri, na banda lake lilikuwa nyuma ya soko la mbuzi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Mdomo wake ulikuwa mkali, na wateja waliuvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa haikatiki. Mkewe Ednah alizoea kusema kwamba mumewe huongea na vyuma vizuri kuliko anavyoongea na watu. Alisema hivyo kwa utani, ila si utani wote.

Ubishi huo alikuwa ameurithi. Babu yake alikuwa mhunzi wa zamani, wa wale waliokuwa wakiosha mchanga mweusi wa mtoni na kuupika mpaka utoe chuma. Huyo mzee alikuwa na sharti lake. Kitu kikitoka motoni kinafukiwa kwenye majivu, juu ya majivu linawekwa jiwe, na jiwe hilo haliondolewi na mtu yeyote mpaka asubuhi, mhunzi akishakunywa uji wake. Watoto waliambiwa anayeligusa atavimba mkono. Njura alipokua na kujifunza kazi ndiyo akaelewa kwamba mzee hakuwa na uchawi wowote. Alikuwa anazuia watu wenye haraka.

Maana kasti, sikiliza, ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo, na ndani yake mna kaboni nyingi, ule unga mweusi wa penseli. Ndiyo maana ni kigumu, kinabeba uzito, hakiliwi upesi. Lakini hakijui kupinda. Geti ukiligonga na lori litajikunja, utalinyoosha. Kasti ikizidiwa inapasuka. Na ukiipasha moto halafu ukaipoza ghafla, nje inajikaza upesi na ndani bado imetanuka, inajivuta yenyewe kwa yenyewe mpaka inaachana. Majivu yanaipoza polepole, usiku kucha. Jiwe la babu lilikuwa na maana hiyo tu, na Njura alikuwa nalo bado, jeusi, lina ukubwa wa kichwa cha mtoto, hapo kando ya pipa la majivu.

Mwaka huo mvua za Machi hazikuonekana. Ndengu zilikauka zikiwa na maua, kunde vivyo hivyo, na mbuzi walikuwa wanauzwa wangali na mifupa ya kusimama. Jumatano moja mahindi ya msaada yakafika, na Alhamisi asubuhi akina mama walikuwa wamejaa kwenye mashine ya kusaga unga ya Mugendi, kila mmoja na gunia lake dogo. Mashine nyingine ya karibu ilikuwa mbali sana, mtu hawezi kutembea na njaa mpaka huko.

Mwenye kuendesha mashine hiyo alikuwa Mwenda, mtu mzima wa miaka arobaini, Mmeru kutoka Kanyakine, na alikuwa ameifanyia kazi miaka minane. Huyo ndiye aliyesikia kitu kikigonga asubuhi hiyo. Akazima injini, watu wakimnung'unikia, akaingiza mkono na kuipapasa ile puli kubwa ya kasti inayozungushwa na ukanda. Ilikuwa na mikono mitano inayoshika ukingo na kitovu, na mkono mmoja ulikuwa na ufa. Akamwita Mugendi, wakaifungua, wakaipeleka kwa Njura kwa toroli.

Njura aliigonga. Du.

"Hii ni ya kesho," akasema.

Mugendi hakubishana. Walikuwa marafiki tangu shule, alimjua. Mwenda akauliza kama ni lazima waisubiri iwe baridi kabisa, na Njura akamwambia ndiyo, kabisa. Mwenda akasema, "Sawa fundi, nitawaambia akina mama." Wakaondoka.

Kazi aliifanya vizuri, hilo haliwezi kukanushwa. Aliuchimba ufa kwa grainda mpaka ukawa mfereji. Aliiweka puli nzima juu ya makaa ikapata moto pande zote, kisha akachukua gesi na rodi ya shaba ya njano. Kwenye kasti shaba ni bora kuliko rodi ya chuma, kwa sababu inayeyuka mapema, inatambaa yenyewe mpaka kwenye vipembe, na haichokozi sana chuma chenyewe. Saa nane na nusu mchana akaizika kwenye majivu na kuweka jiwe juu. Akaenda kula.

Saa kumi na nusu Veronicah alikuja. Huyu alikuwa mke wa Mugendi, Mama Nyamu kama mumewe alivyomwita, mama mnene wa kucheka, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ambayo Njura naye aliimba besi. Ndiye aliyekuwa akimiminia watu mahindi kwenye mdomo wa mashine na kuwapimia.

"Baba Kawira, nimekuja kukusumbua," akasema. Kawira ni binti mkubwa wa Njura.

"Kama ni puli, rudi nyumbani."

"Ni puli. Kuna mama ametoka kule chini mtoni, ana mtoto mgongoni. Hawajapika tangu jana. Wako wengi, lakini huyo amelala chini."

"Mpe unga wako."

"Nimempa. Nimewapa watatu. Hauko tena."

Njura akamwambia itatoka asubuhi. Veronicah hakugombana naye. Alichukua mkebe wa rangi, akaugeuza, akaukalia, akaanza kumhadithia habari za kwaya. Huo ndio ulikuwa ujanja wake, alikuwa anakaa tu mpaka ushindwe. Ikapita nusu saa. Njura alikuwa anachomelea geti, na kila akiinua ile miwani yake nyeusi anamwona amekaa, mikono mapajani, anatabasamu. Mwishowe akajisemea kwamba saa mbili na nusu ndani ya majivu si haba. Akajisemea pia kwamba shaba imeshika vizuri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Akaondoa jiwe.

Puli ilikuwa bado haishikiki. Angeiacha tu hewani mpaka usiku labda ingesalimika. Lakini alikuwa ameshakubali kuharakishwa, na haraka ikishaingia inataka kumalizia. Alichukua jagi akachota maji kwenye pipa lile analopozea mageti, akaimwagia. Moshi wa maji ukapanda. Akamwaga jagi la pili, na humo ndani ya moshi kitu kikasema, tik.

Sauti ndogo. Mtu akivunja kijiti cha kiberiti, ni hiyo.

Njura aliigeuza puli, akaiangalia mikono yote mitano, akapitisha kidole. Hakuona kitu. Na ingekuwa siku nyingine angeigonga tena, angewasha grainda, angesugua mpaka aone. Siku hiyo alichukua brashi akaipaka rangi ya silva, kama alivyopaka kila kitu kinachotoka bandani kwake, na kwa vile ilikuwa bado na joto rangi ilikauka papo hapo. Veronicah akaipakia kwenye toroli yeye mwenyewe.

"Umeona?" akamwambia akiondoka. "Umeharakishwa na hujafa."

Hapo katikati kulikuwa na jambo jingine, fupi, ambalo Njura hakumwambia mtu, hata Ednah. Nitalifikia.

Mashine ilisaga jioni ile. Ikasaga Ijumaa na Jumamosi. Jumapili kwaya iliimba, Njura akamwona Veronicah akiimba amefumba macho, akafikiri kwamba labda kweli haikuwa kitu. Jumatatu saa nne asubuhi, watu wa soko la mbuzi walisikia mlio, mbuzi wakakata kamba. Puli ilikuwa imefumuka. Kipande cha ukingo kilitoboa mabati ya ukuta. Kipande kingine kilimpata Veronicah kifuani akiwa ameinua debe la mahindi. Walimbeba kwenye pikapu ya mtu wa mkaa, lakini alikuwa amekata roho kabla gari halijatoka sokoni.

Watu wakiwa na uchungu wanataka mtu wa kumshika. Mwenda ndiye aliyekuwa amesimama pale, na Mwenda alikuwa mtu wa kuja. Mmoja akasema alikuwa amefungulia injini kupita kiasi ili amalize foleni. Wa pili akasema hata yeye aliisikia ikinguruma vibaya. Kufikia wa kumi ilikuwa imekuwa ukweli. Walimpiga kwa mawe na kwa fimbo za mbuzi, na kama polisi hawangefika wangemmaliza. Alilazwa kituoni, sikio moja linatoka damu. Mugendi, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa na akili yake, alisema ataandikisha kwamba Mwenda amemuua mke wake.

Njura alisikia yote hayo akiwa bandani. Alifunga mlango wa mabati akakaa ndani.

Siku iliyofuata mke wa Mwenda alifika kutoka Kanyakine. Aliitwa Gatakaa, mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la huku chini ambalo hakulizoea. Kwanza alikuwa amekwenda kituoni. Alisimama mlangoni pa banda.

"Nimeambiwa wewe ndiye ulitengeneza hiyo puli."

"Ni mimi."

"Mume wangu anasema hakufungulia injini. Anasema aliiweka pale pale anapoiweka siku zote. Mimi sijui mashine, baba. Nimekuja kuuliza wewe unayejua. Puli nzima inaweza kupasuka tu hivyo?"

Njura alijua jibu. Lilikuwa kwenye ulimi. Alimwangalia yule mama, akaangalia viatu vyake, akasema, "Sijui, mama. Vyuma vina mambo mengi."

Gatakaa akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru, na hiyo shukrani Njura hakuweza kuimeza siku nzima. Ednah alipompa chakula alikisogeza. Aliona haya mbele ya sahani.

Jumatano Mugendi mwenyewe akaja. Alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya nguo za kulalia na hakuwa anajua. Aliburuta gunia, na gunia likalia likigusa sakafu.

"Ni hivyo vipande," akasema. "Siwezi kuviona pale nyumbani. Wewe ni mtu wa vyuma, vitupe, viyeyushe, fanya unavyojua. Na kitu kingine, Njura. Nataka unitengenezee msalaba wa kaburi. Wa chuma, usiliwe na mchwa. Uupake ile rangi yako ya silva. Mama Nyamu alikuwa anaipenda kazi yako."

Njura akasema, "Sawa." Sauti yake ilitoka, hakujua imetokea wapi.

"Kesho chifu anakuja na afisa wa polisi kuandika maneno ya watu. Uje na wewe ukae karibu nami. Huyo Mmeru hataona jua tena."

Mugendi alipoondoka, Njura alimimina gunia. Alivipanga vipande chini, kimoja kwa kingine, mpaka puli ikarudi umbo lake, na pengo pale penye kipande kilichobaki na polisi. Kisha akainua mmoja wa mikono na kuusogeza mlangoni kwenye mwanga.

Kasti ikivunjika upya, ndani yake ni kijivu cha kumetameta, chembe chembe. Mkono ule ulikuwa hivyo nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ya silva. Rangi yake mwenyewe ilikuwa imeingia ndani ya ufa, imetambaa mpaka katikati ya chuma na kukaukia humo. Rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haupo. Wakati anapaka, kidole chake kikipita juu na kusema hakuna kitu, ufa ulikuwa pale chini ya brashi ukinywa rangi. Na ile shaba aliyoichomelea kwa ustadi ilikuwa nzima, haijasogea hata unywele. Kasti ilikuwa imeachana pembeni yake.

Hakuna mtu mwingine Kiritiri ambaye angeweza kukisoma kipande kile. Hata afisa angekishika akaona ni chuma kilichopakwa rangi. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa anapita kila Alhamisi na lori lake, na kufikia kesho yake jioni vipande vingekuwa safarini kwenda kuyeyushwa, viwe vifuniko vya mitaro huko Nairobi. Njura alilifikiria hilo. Sitasema hakulifikiria. Alivirudisha vipande kwenye gunia, akalifunga, akaliweka barabarani, akaingia ndani. Baada ya muda akatoka akalirudisha. Ednah alikuwa amesimama hapo anamwangalia.

"Baba Kawira, una nini?"

Akamwambia. Alimwambia habari ya jiwe, na ya maji, na ya rangi. Ednah alikaa kwenye ule mkebe aliokuwa ameukalia Veronicah, bila kujua.

"Ukisema, watakufunga," akasema.

"Najua."

"Wanaweza kukufanya kama walivyomfanya Mwenda."

"Najua, Ednah."

"Na usiposema?"

Njura aliliangalia gunia. Ednah akalia kidogo, kisha akainuka akaenda kumtafutia shati safi la kesho.

Alhamisi watu walijaa nyumbani kwa Mugendi. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na kando, chini ya mti, akina mama walikuwa wanapika chai ya wafiwa kwenye moto mkubwa wa kuni. Chifu alikuwa amekaa mezani na afisa mwenye daftari. Mwenda aliletwa amefungwa pingu, kichwa kimevimba, na Gatakaa akawekwa mbali naye. Mashahidi wanne walisema waliisikia injini ikinguruma. Mwenda akiulizwa alisema tu, "Sikuifungulia," na watu wakamzomea.

Njura akasimama na gunia lake.

Alieleza kadiri alivyoweza. Alisema puli ilikuwa bado na moto alipoitoa kwenye majivu, kwamba aliimwagia maji, kwamba ilipasuka mikononi mwake na akaipaka rangi. Alikizungusha kipande kile chenye silva ndani, kikapita mkono kwa mkono. Watu walikiangalia, wakakigeuza, wakampa jirani. Chifu alikigonga mezani.

"Fundi," chifu akasema, "kwani mageti huwa huyapozi na maji?"

"Huwa nayapoza."

"Yanapasuka?"

"Hayapasuki. Hayo ni chuma kingine."

Kukawa na minong'ono. Mugendi akaja akamshika bega, kwa upole, na upole huo ulimuumiza Njura kuliko ngumi. "Kaa chini, ndugu yangu. Puli ilisaga siku tatu na zaidi. Wewe una huruma, unataka kumbebea huyu mtu mzigo wake. Kaa."

Kwa hiyo alikuwa amesema ukweli na haukuwa umeingia kwa mtu. Angeweza kukaa hapo. Angekuwa amesema, dhamiri yake ingekuwa na kitu cha kushikilia, na Mwenda angeenda jela. Aliwaza hivyo akiwa amesimama, kisha akaenda kwenye moto wa chai.

"Mama, ondoeni hii sufuria," akawaambia wapishi.

Wakaiondoa kwa sababu walimwogopa uso. Njura akatoa guniani koleo na kipande cha nondo alichokuwa amekikata cha msalaba, akakisukuma kwenye makaa. Pembeni yake akaweka mkono mmoja wa puli, ule uliokuwa umebaki mzima kabisa. Akaongeza kuni. Mzee mmoja akasema huyu amerukwa na akili, moto wa matanga si wa kuchezewa, lakini chifu alinyoosha mkono watu wakatulia. Walikaa hivyo muda mrefu, watu zaidi ya mia, wanaangalia vyuma viwili vikiiva.

Vilipokuwa vyekundu, Njura akaitoa nondo kwa koleo akaimwagia maji. Ikafuka moshi. Akaigonga juu ya jiwe la jiko, ikalia vizuri, akampa chifu. Haikuwa na kitu.

Kisha akautoa mkono wa puli. Akachota maji kwenye ndoo ya chai, akamwaga.

Tik.

Walioketi mbele waliisikia. Njura aliuinua mkono kwa koleo, akaugonga mara moja tu kwenye jiwe lile lile, ukagawanyika vipande viwili, vikaanguka kwenye majani yaliyolowa maji hayo.

Afisa alikuwa ameacha kuandika. Mwenda alikuwa analia bila sauti, mikono imefungwa, hawezi hata kujifuta.

Mugendi alitembea polepole mpaka kwenye moto. Aliviangalia vile vipande viwili. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Ile siku. Ilifanya hivyo? Hiyo sauti?"

"Ilifanya."

"Mama Nyamu alikuwa pale?"

"Alikuwa pale."

"Aliisikia?"

Hili ndilo lile jambo fupi nililosema nitalifikia. Njura angeweza kusema hajui. Maiti hazijibu, na hakuna mwingine aliyekuwa bandani.

"Aliisikia," akasema. "Aliniuliza. Alisema, fundi, hiyo ni nini? Nikamwambia ni chuma kinapoa. Kama mabati ya nyumba jioni. Ndipo akaichukua."

Mugendi alikaa chini kwenye majivu na koti lake la kanisani. Alikaa hapo mpaka watu wawili walipomwinua. Alipopita karibu na meza alimwambia afisa, "Mfungueni huyo." Kwa Njura hakusema neno, wala siku hiyo wala baadaye.

Mwenda na mkewe waliondoka alasiri ile ile. Sikio lake halikupona. Hawakupitia bandani, na sioni ni kwa nini wangepitia. Njura aliandikisha maneno yake, akashikiliwa, akaachiliwa, na hadi leo anaitwa mahakamani, kesi inasukumwa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Veronicah aliwekewa msalaba wa mti wa mukau. Kwaya ilimtafuta mtu mwingine wa kuimba besi. Hawakumfukuza Njura, ila alipoketi kwenye benchi lao Jumapili moja walisogea, na yeye akaelewa.

Bado anachomelea, mageti tu. Akiletewa kasti anaigonga, anasema ipelekwe Embu, hasemi zaidi. Ule ukali wake wote umekwisha, na wateja wanasema sasa ni mtu mzuri.

Ednah anasema usiku analala. Taabu ni jioni. Huku kwetu jua hupiga mabati mchana kutwa, na likizama nyumba inaanza kupoa, bati moja linaanza, lingine linafuata. Tik. Tik. Njura huacha alichokuwa anakula, akatoka nje, akakaa juu ya lile jiwe la babu yake mpaka paa linyamaze. Halafu anarudi ndani, na Ednah anakuwa amemfunikia chakula chake.